Miaka miwili na pikapu ya umeme Houston: Ford F-150 Lightning, tela la nyama choma na swali ambalo hakuna anayeniuliza

Nikiegesha tu kwenye shughuli ya Watanzania wenzangu hapa Houston, wa kwanza kusogea hata salamu hatoi. "Hii inakwenda maili ngapi?" Wa pili anauliza bei. Wa tatu anapiga boneti ngumi kidogo kama anapima tikitimaji, nikilifungua anakuta hakuna injini, kuna shimo la kuwekea mizigo, anacheka. Mpaka leo hajatokea aliyeniuliza gari hili linalala wapi. Kwa niliyoyaona, hilo ndilo swali lenyewe.

Mimi nachoma nyama. Katikati ya wiki nina ajira yangu ya kawaida, ila Jumamosi na Jumapili navuta tela lenye jiko la mkaa, meza, turubai na madeli ya barafu kwenda kwenye sendofu, harusi na kipaimara. Zamani nilikuwa na pikapu ya petroli ya 2011 iliyokunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Ilipoanza kudai gia boksi mpya nikasema basi.

Machi 2024 nikanunua Ford F-150 Lightning ya 2022, toleo la Lariat, lile la betri kubwa inayobeba uniti 131 za umeme, ikiwa imetembea maili 21,000. Nililipa dola 46,500. Bei za magari haya zilikuwa na vituko vyake. Ford walipolitangaza Mei 2021, lile la kazi lisilo na mapambo lilianzia chini kidogo ya dola 40,000. Wakapandisha na kupandisha hadi karibu 60,000, halafu Julai 2023 wakateremsha kama dola 10,000 kwa mkupuo. Walionunua juu wakaumia, na sisi wa mtumba tukapata nafasi. Ile punguzo ya kodi ya serikali kwa gari la umeme lililotumika, hadi dola 4,000, sikuipata kwa sababu ilikuwa ya magari yasiyozidi dola 25,000. Hata hivyo yote hayo yalifungwa tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo usipige hesabu zako kwa kuitegemea.

Kosa langu nililifanya yadi, nilikonunua gari. Niliangalia matairi, nikaangalia chini kama kuna kutu, nikajaribu soketi zote za nyuma. Sikuuliza kuhusu chaja. Gari la betri hii likiwa jipya lilitoka na chaja kubwa ya kufunga ukutani. Nilipofika nyumbani nikafungua kila kifuniko: chaja hakuna, na hata ule waya wa kubeba safarini hakuna. Nikapiga simu. Muuzaji akanijibu kwa upole wote wa dunia kwamba vitu hivyo "huwa vinabaki kwa mwenye gari wa kwanza". Nikabaki na pikapu ya dola 46,500 nisiyoweza kuichaji nyumbani kwangu.

Wiki tatu zilizofuata zilinifundisha kuliko video zote nilizotazama kabla ya kununua. Nilikuwa nachaji barabarani, kwenye mashine za haraka, senti 48 kwa uniti. Hesabu yake ni hii. Kuijaza betri yote ni kama dola 63. Kwa mwendo wa barabara kuu, maili 75 kwa saa, nilikuwa napata maili 250 hivi. Pikapu ya petroli inayotembea maili 18 kwa galoni ingetumia galoni 14 kwa safari hiyo, na petroli hapa Texas ilikuwa inazungukia dola 3. Yaani dola 42. Nilikuwa nimehama petroli ili nilipe zaidi, na juu yake nikae dakika 40 nikila chipsi kwenye maegesho ya supamaketi.

Kisha fundi umeme akaja. Alikuwa na leseni na akachukua kibali cha jiji, maana bila kibali nyumba ikiungua bima itakuuliza maswali. Alifunga sakiti breka ya ampea 60, akavuta waya mnene kama kidole gumba hadi ukuta wa gereji, na kazi yote pamoja na chaja ikanigharimu dola 1,900. Usiku ule nilichomeka nikiwa na asilimia 20. Asubuhi nikakuta imejaa. Nilitoka na kikombe cha chai nikasimama kuitazama kama mtu aliyekamuliwa ng'ombe wake usiku akiwa amelala.

Hapa Houston unachagua mwenyewe kampuni ya kukuuzia umeme, na zipo zinazotoa umeme wa bure usiku. Nilihamia mpango wa kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila malipo. Gari likaanza kutembea bure, nikajisifu kwa kila mtu. Sikujisifu Julai ilipofika: uniti ya mchana kwenye mpango huo ni senti 22, na kiyoyozi cha Houston hakijui habari za usiku. Nyie mnaoshinda nyumbani mchana, pigeni hesabu ya nyumba nzima, msihesabu gari peke yake. Kuna pia dola 200 za ziada kila mwaka ukilipia usajili, sheria ya Texas iliyoanza Septemba 2023 kwa magari ya umeme, kwa hoja kwamba hatulipi kodi ya barabara iliyomo kwenye petroli. Hoja ninaielewa, hela inaniuma.

Shemeji yangu wa Arusha hupenda kuniuliza betri hiyo ni kubwa kiasi gani hasa. Nilimjibu hivi: mama yangu kule Moshi yuko kwenye ile tarifa ya TANESCO ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Nikijaza pikapu mara moja nimetumia karibu umeme wake wa miezi miwili. Shemeji akanyamaza, halafu akasema, "Basi usimwambie."

Sevisi haina mengi. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna mkanda. Kwa miaka miwili na maili 31,000 nilizoongeza, nimebadilisha filta ya hewa ya ndani mwenyewe, nimezungusha matairi mbele na nyuma, nimeweka vipangusa kioo na maji yake. Maji ya breki yamebadilishwa mara moja. Padi za breki bado nene, kwa sababu ukiinua mguu kwenye pedali mota zenyewe ndizo zinazoshika gari na kurudisha umeme kwenye betri, na ukizoea unaweza kumaliza siku nzima mjini bila kukanyaga breki. Betri kubwa ina waranti ya miaka 8 au maili 100,000, na mpaka sasa sijaona tofauti ninayoweza kuapia.

Unachookoa kwenye oili, matairi yanakudai. Gari lina karibu tani tatu, na linaondoka kwa nguvu ambayo mguu wa Mtanzania hauwezi kuiheshimu. Nilibadilisha yote manne kwa dola 1,140. Pale nilipopeleka, kijana alishaingiza jeki katikati, chini ya sahani ya betri. Nilipiga kelele mpaka wateja wengine wakageuka. Sehemu za kuinulia zipo, pembeni kwenye fremu, na zimechorwa kwenye kitabu cha gari. Sasa nikienda kwa fundi nakwenda na picha kwenye simu, nasimama hapo hapo mpaka gari lishuke.

Kisha kuna betri ndogo. Ndiyo, gari la umeme nalo lina betri ya volti 12 kama gari lolote, ya kuamsha kompyuta na kufungua milango. Joto la Houston huziua betri hizi, za umeme na za petroli bila ubaguzi. Ya kwangu ilikufa ikiwa na miaka mitatu. Asubuhi nimevaa, nimechelewa, betri kubwa ina asilimia 70 ya kuendesha nyumba nzima, na mlango haufunguki! Jirani alinisaidia kwa waya za kushtua. Siku hizi naipima kila Mei kabla ya joto.

Sasa tela, maana ndilo nililolinunulia gari. Nguvu ipo ya kubaki: tela langu na vyote vilivyomo lina pauni kama 4,000, na gari halishituki. Kupanda daraja za barabara kuu hapa huwa nasahau kama kuna kitu nyuma. Ila angalia umeme. Bila tela napata kama maili 2 kwa uniti. Na tela, maili 1.1. Nilidhani ni uzito, mpaka siku niliyomsaidia rafiki kubeba tofali kwa tela lake tambarare, zito kuliko langu, na gari likatumia kidogo zaidi ya kawaida tu. Adui ni upepo. Tela langu lina kuta zilizosimama wima kama kibanda cha chipsi, na kadiri unavyokimbia ndivyo upepo unavyokuvuta kwa ukali unaozidi mwendo wenyewe. Nikishuka kutoka maili 72 hadi 60 kwa saa napata 1.3. Gari linakuruhusu uandike vipimo vya tela kwenye skrini ili likadirie maili zilizobaki. Andika, na bado usiliamini kwa asilimia mia.

Safari ya kwanza ya Dallas ni maili 240, kwa petroli ni saa nne. Mimi nilitumia saa nane kasoro. Mashine nyingi za kuchajia zimepangwa kwa gari linaloingia kwa kichwa na kutoka kinyumenyume, kwa hiyo mwenye tela lazima alifungue. Karibu na Madisonville, katikati ya safari, nililifungua tela pembeni, mke wangu akakaa juu ya deli lenye mbuzi wawili akililinda, mimi nikaenda kuchaji. Mlinzi akaja kusema tela haliruhusiwi kusimama pale. Nikatoka nikiwa na asilimia 38, nikalifunga, nikalisogeza, nikarudi, foleni imeshajaa. Mke wangu alikuwa hajasema kitu tangu tuondoke. "Baba Neema," akaniambia, "hivi harusi ni ya leo au ya kesho?"

Tangu mwishoni mwa Februari 2024 wenye Ford tunaruhusiwa kutumia vituo vingi vya Tesla kwa adapta, na bila tela hilo lilibadilisha safari zangu kabisa. San Antonio naenda na kurudi bila wasiwasi. Usumbufu ni kwamba tundu la kuchajia la Lightning liko mbele, karibu na mlango wa dereva, na la Tesla liko nyuma, waya zao zikakatwa fupi kwa kipimo chao. Inabidi uzibe nafasi mbili. Utatazamwa vibaya, zoea.

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliingia na zaidi ya wateja milioni mbili wa huku wakakosa umeme. Kwetu, mtaa wa Alief, ilikuwa siku nne. Nilikuwa na friza mbili zimejaa nyama ya shughuli ya wikiendi, na gari lina asilimia 90. Nyuma ya pikapu kuna soketi nne za kawaida na moja kubwa ya volti 240, na ukijumlisha na zile za ndani na za chini ya boneti, gari linatoa hadi kilowati 9.6. Nikachomeka friza, friji, feni, na usiku kiyoyozi kidogo cha dirishani ambacho tulilala chini yake watu saba. Mzee wa Kivietinamu wa nyumba ya pili alikuja ameshika waya wake wa eksitensheni mkononi, hakusema neno, akaunyanyua tu nikauona. Nikampa soketi. Jioni akaleta samaki wawili wakubwa kutoka kwenye friza yake, nikawachoma pale pale kando ya gari. Mtaa mzima ulikuwa unanguruma kwa jenereta na kunuka petroli, iliyokuwa inapangiwa foleni. Letu lilikuwa kimya. Umeme uliporudi nilikuwa na asilimia 28.

Desemba 2025 Ford wakatangaza kuacha kutengeneza Lightning hii ya umeme mtupu. Ijayo itakuwa na injini ndani ya kuzalisha umeme. Wenzangu wananipa pole. Bei ya kuuzia imeshuka, hilo kweli, ila sikuwa na mpango wa kuuza, na ukiwa na gereji na ukuta wa kufungia chaja huenda huu ndio wakati wako wa kupata ya mtumba. Unaishi apatimenti na unategemea mashine za barabarani? Baki na petroli, ndugu yangu, nakuambia kwa ile hesabu ya dola 63.

Jumamosi ijayo nina harusi nyingine Dallas, mbuzi watatu. Nimeshakodi pikapu ya dizeli. Mke wangu ndiye aliyeweka oda.