SMS Server Tools 3: programu nzuri, mradi unakili kwanza

Ushirika wetu wa wafugaji hupokea taarifa za maziwa kwa SMS kupitia SMS Server Tools 3, programu huria ya Linux inayokaa kati ya modemu (kifaa chenye laini kinachopokea SMS) na seva na kuandika kila ujumbe unaoingia katika faili lake ndani ya /var/spool/sms/incoming. Faili hilo ni maandishi ya kawaida: juu kuna mistari ya From, Sent na Received, kisha mstari mtupu, kisha maneno ya mwanachama, kwa mfano "Jioni lita 12".

Sifa yake kubwa ni urahisi huo. Hata hivyo, programu ikishausoma ujumbe huufuta kwenye laini, kwa hiyo faili likipotea hakuna pa kuutafuta tena. Skripti yetu ya kwanza (programu fupi ya kuchakata ujumbe), ambayo kwa aibu nakiri niliiandika mwenyewe, ilisoma faili, ikalifuta, ndipo ikaingiza lita kwenye hifadhidata. Siku moja mama mmoja aliongeza kikatuni cha ng'ombe mwishoni mwa ujumbe. Maandishi yakaja kwa mfumo wa UCS2, unaotumika ujumbe ukiwa na alama zisizo za kawaida, skripti ikakwama, na lita zake zikapotea. Alikuja ofisini na simu mkononi, ujumbe wake ukisomeka vizuri, nasi hatukuwa na chochote cha kulinganisha nao.

Dawa ilikuwamo ndani ya programu yenyewe. Katika faili lake la mipangilio, /etc/smsd.conf, kuna kipengele kiitwacho eventhandler, ambacho huita skripti yako kila ujumbe unapoingia na kuikabidhi neno RECEIVED pamoja na jina la faili. Sasa skripti yetu huanza na amri ya kunakili, cp -p, ikilinakili faili kwenye folda ya tarehe ya siku hiyo. Kunakili kukishindikana, uchakataji hauanzi na faili hubaki lilipo. Folda ya tarehe si pambo, kwa kuwa majina kama GSM1.kT4bQz huundwa kwa herufi za kubahatisha, na faili la zamani likishafutwa, jina lake laweza kujirudia.

Lililotusumbua zaidi ni ruhusa. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, programu huendeshwa na mtumiaji smsd, wala si root (mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote), hivyo skripti niliyoijaribu kwa mkono ikafanya kazi vizuri iligoma ilipoitwa na programu, hadi nilipompa smsd umiliki wa folda ya akiba zinamowekwa nakala hizo. Folda hiyo nayo hunakiliwa kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kila usiku kwenda kompyuta nyingine, maana nakala iliyo kwenye diski ileile hufa pamoja nayo.