Clair de lune kwa magitaa mawili: nota zipi ununue, zipi uache

Claude Debussy aliandika Clair de lune kwa piano, ila shairi lililoupa muziki huo jina lina ala ya nyuzi ndani yake. Katika diwani ya Fêtes galantes ya 1869, Paul Verlaine anawachora watu waliovaa vinyago, wakipiga luti na kucheza huku wamebeba huzuni wasiyotaka ionekane, na mbalamwezi imetulia juu ya miti na chemchemi. Hata jina la Suite bergamasque, mkusanyo wenye kipande hiki, limetoka humo humo. Debussy aliuanza mkusanyo huo karibu 1890 na ukachapishwa 1905. Basi kuurudisha muziki huu kwenye gitaa ni jambo lenye haki kabisa. Swali ni nota zipi zinaufikisha salama.

Kwa kuwa Debussy alifariki 1918, kazi yake iko huru na kila mpangaji wa muziki, yaani anayeuhamisha kwenye ala nyingine, anaweza kuuza toleo lake. Ndiyo maana yako mengi, na ubora wake haulingani. Aina tunayoipima hapa ndiyo iliyoenea zaidi: magitaa mawili ya nyuzi za nailoni, D meja, uzi wa sita ukishushwa kutoka E hadi D. Piano iko D flati meja, kwa hiyo muziki umepandishwa nusu toni. Uamuzi huo ni mzuri. Nyuzi wazi za D na A zinabaki zikivuma chini ya kila kitu, na mvumo huo ndio unaoshika kazi ya pedali ya piano, ile inayoacha sauti ziendelee kulia. Anayetaka D flati ya asili anaweza kushusha magitaa yote mawili nusu toni nzima, lakini nyuzi zinalegea na besi inaanza kugonga freti, vile vyuma vya shingoni.

Fungua ukurasa wa kwanza kabla ya kulipa. Piano inaanza na nota mbili za katikati, kisha zilezile oktava moja juu. Kwenye D meja hizo za juu ni F shapu na A. Mpangaji mvivu humpa mtu mmoja zote mbili: A kwenye uzi wa kwanza freti ya 17, F shapu kwenye uzi wa pili freti ya 19. Mkono unajikunja juu ya mwili wa gitaa, na sauti inakufa upesi, kwa sababu kwenye gitaa la milimita 650 uzi uliobaki kutetemeka kutoka freti ya 17 ni kama milimita 243 tu. Mpangaji hodari huzigawa. Gitaa la kwanza linashika A ya freti ya 5 na kuugusa uzi kidogo tu, bila kuubana, kwenye freti ya 17 ili kupata hamoniki, sauti nyembamba ya oktava moja juu. La pili linashika F shapu ya freti ya 2 na kugusa freti ya 14. Kila mmoja ana nota moja, na zote mbili zinaning'inia hewani.

Yapo matoleo yanayotafuta F shapu hiyo kwa hamoniki ya uzi wa nne karibu na freti ya 4. Ni rahisi kwa mkono, lakini hamoniki hiyo iko chini ya F shapu ya freti kwa senti 14 hivi, na nusu toni nzima ni senti 100. Ikikutana na F shapu ya mwenzako, sikio linaumia. Mtakilaumu bure kifaa cha kulinganisha nyuzi.

Kosa jingine la wapangaji wasiolijua gitaa ni kunakili nota za piano zilivyo. Nota za gitaa huandikwa oktava moja juu ya sauti yake halisi, kwa hiyo nakala ya namna hiyo inashuka oktava nzima na muziki unakuwa mzito. Hiyo iache.

Kipande kina vipimo 72 (sehemu fupi zinazotengwa kwa mistari ya wima kwenye nota), kila kimoja na mapigo matatu yaliyogawanyika tatu tatu. Tangu kipimo cha 3 zinaingia nota mbili mahali pa tatu, na nyingi zinaunganishwa kuvuka pigo. Hapa ndipo wawili wanapoachana. Usinunue toleo lenye tabulecha (namba za freti juu ya mistari ya nyuzi) peke yake, kwani tabulecha nyingi hazionyeshi nota inashikwa hadi wapi, na kushika ndiyo kazi yote. Chagua lenye mistari ya magitaa yote mawili kwenye ukurasa mmoja, ili umwone mwenzako anapobakiza kidole.

Kwenye kipimo cha 15, Tempo rubato (mwendo ulio huru kidogo), kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, zinapanuka. Kila mpigaji anashawishika kuzivunjavunja kutoka besi kwenda juu, na wawili wakifanya hivyo kwa kasi tofauti zinasikika kodi mbili badala ya moja. Gitaa la pili liweke besi juu ya pigo bila kuvunja. La kwanza litandaze sauti za juu baada yake. Oktava ya chini kabisa ya piano itapotea hapa. Hilo halina dawa, na toleo linalojaribu kulificha kwa kubana nota nyingi linaongeza kelele tu.

Kuanzia kipimo cha 27 gitaa hili linang'ara. Nota za kodi zinapigwa mojamoja mfululizo, nyuzi wazi zinafanya kazi, na mgawanyo unafanana na solo na ridhimu za bendi ya dansi, isipokuwa hapa kazi zinabadilishana. Kisha kinakuja kipimo cha 37. E meja ya piano sasa imekuwa F meja, nyuzi wazi za besi hazisaidii tena, na kidole cha kwanza kinalala freti ya kwanza mstari baada ya mstari. Hapa mkono wa kushoto unachoka. Toleo zuri linamwachia mmoja besi peke yake ili mwingine asilazimike kulaza kidole. Vipimo ni sita tu, lakini vinaweza kuharibu vyote vilivyotangulia. Kwenye kipimo cha 43 D meja inarudi na mkono unapumua.

Kuhusu uzi wa sita: ukiushusha hadi D hautulii, unapanda wenyewe kidogo kidogo. Ushushe kupita D, uvute kwa mkono, upandishe, subiri dakika chache, kisha linganisha hamoniki yake ya freti ya 12 na uzi wa nne ulio wazi. Ziwe sauti moja. Seti ya nyuzi za mkazo mkubwa inasaidia.

Ida Presti na Alexandre Lagoya, mzaliwa wa Alexandria, Misri, walirekodi kipande hiki kwa magitaa mawili. Wasikilizeni kwa ajili ya mlingano wa rangi ya sauti: wote walipiga kwa upande wa kulia wa kucha, na ni vigumu kujua nani ameishia wapi. Wapigaji wawili wenye kucha za umbo tofauti wazilinganishe kwa tupa kabla ya kugombana juu ya nota.

Kwa anayeanza, bado. Kwa wawili wanaosogea bila shida hadi freti ya 12 na kupiga hamoniki za kushika, toleo la D meja lenye mwanzo uliogawanywa linastahili bei yake.