Kifaa cha kumtafutia habari wakala wako wa AI: kipi ununue ukiwa Moshi

Andika "Same" kwenye kifaa chochote cha mtandaoni cha kutafuta habari kwa neno, uone. Ulitaka wilaya ya Same, unamwagiwa makala za Kiingereza za dunia nzima. "Hai" inaleta watu waliookolewa wakiwa hai, "Siha" inaleta mambo ya lishe, "Meru" inavuka mpaka hadi Kenya, na "Moshi" yetu wenyewe inaleta nyumba zilizoungua. Hata "kahawa" ina mtego: Nairobi na kando yake kuna Kahawa West na Kahawa Sukari, basi wizi wa huko unaingia kwenye taarifa yako ya soko.

Mtu akiona habari hizo anazipita tu. Wakala wa AI (programu inayojiendesha, si yule wa kibanda cha kutoa pesa) hazipiti mpaka aelezwe. Kwa hiyo nikichagulia ofisi kifaa cha namna hii, naanza na maelezo ya matumizi kabla ya bei. Anayeyasoma kila siku ni wakala, na atafanya kile yalichosema, pamoja na makosa yake.

Hili nililijua baada ya kuumia. Ofisi moja ya kahawa hapa mjini tuliilipia kifaa, jina naliacha. Siku 3 mfululizo wakala akaandika, "Hakuna habari mpya kuhusu kahawa." Bosi akatulia. Kumbe maombi yetu ya mwezi, yaani mara tunazoruhusiwa kutafuta, yalishakwisha, na kifaa, badala ya kutoa ujumbe wa kosa, kilikuwa kinarudisha orodha tupu. Maelezo yake hayakugusa jambo hilo hata kwa mstari mmoja.

Huu ndio mpangilio wangu, kwa ofisi ndogo inayofuatilia kahawa, utalii au kilimo cha huku.

1. RSS za vyombo vya habari, na kichujio chako mwenyewe. RSS ni orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa ili programu ziisome. Ni bure. BBC Swahili na DW Kiswahili wanazo. Kijana anayejua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, anakuundia kichujio kwa siku moja. Kinachoiweka juu ni Kiswahili chenyewe. Vifaa vingi vimezoea Kiingereza, ambako neno hubadilika mwishoni. Letu hubadilika mbele: mkulima, wakulima, imepanda, zimepanda, ilipanda. Ukitafuta "mkulima" kwenye kifaa cha neno kamili, "wakulima" wanakupita. Kwenye kichujio chako unatafuta kipande "kulima" na kuwapata wote wawili, ingawa kitenzi "kulima" nacho kitaingia, ambacho kwa ofisi ya kahawa si hasara. Ubaya wake ni kwamba RSS hubeba habari za karibuni tu, kwa hiyo anza kuzihifadhi leo.

Maelezo unaandika mwenyewe. Yetu yanasomeka hivi:

"Tafuta kwa mzizi wa neno, si neno zima. Usitumie Moshi, Hai, Same wala Siha peke yake; ambatanisha na Kilimanjaro. Orodha tupu maana yake hakuna kilichopatikana. Ujumbe wa kosa maana yake hukutafuta: sema hukutafuta."

Mstari wa mwisho ulizaliwa na zile siku 3.

2. GDELT, hifadhi ya mtandaoni ya habari za dunia nzima. Nayo ni bure, haidai ufunguo (namba ya siri ya kuingilia) wala kadi ya benki, na data yake huongezwa kila dakika 15. Kwa baridi iliyopiga mashamba ya Brazil, ambayo hutikisa bei ya arabika New York na hatimaye hapa kwetu, sijaona ya kuishinda kwa bei hiyo. Lakini jihadhari: inatafsiri habari za lugha 65 kwa mashine, na maneno ya kutafuta unayaandika kwa Kiingereza hata ukitaka habari za Kiswahili. Unaandika "coffee sourcelang:swahili". Wakala asiyeambiwa hivyo ataandika "kahawa" na kurudi karibu mikono mitupu. Mwambie pia kuwa ombi moja halileti zaidi ya makala 250, kwamba ukitumia OR lazima uweke mabano, na kwamba asigonge mlango mfululizo; asubiri sekunde 5. Inatoa vichwa na viungo tu, makala yenyewe unaifuata kwenye tovuti.

3. NewsAPI, huduma ya kutafuta habari za vyombo vingi kwa pamoja. Maelezo yake ndiyo mazuri kuliko yote niliyosoma. Kila kosa lina jina lake, hata lile la maombi kwisha, kwa hiyo wakala hawezi kudhani dunia imetulia. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa mambo mawili. Orodha yake ya lugha ina 14, na Kiswahili hakimo. Pili, mpango wa bure ni wa majaribio tu: maombi 100 kwa siku, na habari zinachelewa saa 24. Ukitaka za papo hapo unaingia mpango wa dola 449 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 1. Kwa kampuni kubwa ya utalii Arusha, sawa. Kwa chama cha msingi cha wakulima, hapana.

4. The Guardian. Ufunguo wa bure, maombi 500 kwa siku, na unapata makala nzima. Ila ni gazeti moja la Uingereza, na huo ufunguo si wa biashara. Mwanafunzi wa chuo utamfaa sana.

RSS ya Google News siipi namba. Inafanya kazi, lakini haina maelezo rasmi, na siku ikibadilika hakuna wa kumuuliza.

Mtu akija ofisini na kifaa kinachochota habari kupitia API ya Bing (mlango ambao programu zilitumia kutafuta kwenye Bing), mrudishe mlangoni: Microsoft waliifunga Agosti 11, 2025. Wengine wote wafanyie kama balbu dukani, inawashwa kabla hujatoa hela. Mwambie muuzaji aandike "Same" mbele yako. Kisha aweke ufunguo wa uongo, atafute tena, nawe usome kwenye skrini kilichorudi: kosa, au orodha tupu.