Kampuni iliyokalia pesa zangu Ujerumani

Nyota moja. Vyuo vya Ujerumani 1 ndiyo alama ya juu na 5 ni kufeli, kwa hiyo nafafanua mapema wasije wakashangilia: hii moja yangu ni ya kufeli.

Mnaojiandaa kwenda kusoma uzamili kule mnaijua habari ya Sperrkonto, ile akaunti iliyozuiwa. Kabla ya viza unaweka humo euro 11,904 za mwaka mzima, ukishafika unaachiwa 992 kila mwezi. Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Serikali inataka kujua utakula nini, haya. Ugomvi wangu ni na kampuni niliyoikabidhi pesa hizo, tena kwa kuilipa ada.

Pesa hazitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki. Benki niliyokwenda ikataka cheti cha usajili wa makazi. Kujisajili unatakiwa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ila bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba hawakupokei. Mwenye nyumba naye anataka dipoziti, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Dipoziti ninayo? Ninayo, imezuiwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mimi nilipita kwa sababu nilimpata mzee mmoja mstaarabu, ambaye aliniambia mwenyewe kwamba mpangaji ana haki ya kulipa dipoziti kwa awamu tatu, akanisainia karatasi palepale. Mungu ambariki. Nikajisajili, nikafungua akaunti, nikapakia kila kitu kwenye programu ya kampuni, nikajua yamekwisha.

Kimya. Nikaandika, nikajibiwa na mashine kwamba ombi langu linashughulikiwa. Nikaandika tena, jibu lilelile, mpaka nukta. Baridi imeanza, mimi nina koti la kuazima. Ndipo ikaja sababu: jina halilingani. Pasipoti yangu ina majina matatu, benki imeandika mawili. Kwa hilo tu! Nikaenda benki, wakanipa barua yenye majina yote matatu. Nikaituma. Wakasema barua haina muhuri. Nikarudi benki, dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma, akasema muhuri hawana.

Nikapiga simu. Muziki, muziki, muziki, kisha kijana akapokea. Nikamweleza taratibu, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kwamba kodi imefika na sina kitu. Akaniuliza, na sitasahau alivyovuta maneno kama anamwelekeza mtoto: "Sasa kwa nini ulikuja huku bila akiba?"

Akiba! Akiba yangu mnayo ninyi! Mmeikalia! Ukoo mzima umechangishana hizo pesa, na wewe hapo ulipo mshahara wako unatoka kwenye ada yangu! Sikuyasema hayo. Nilisema asante, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za maktaba nikitetemeka, na haikuwa baridi.

Halafu, kana kwamba nilikuwa nachekwa, barua ya kwanza kuingia kwenye sanduku langu baada ya kujisajili ilikuwa bili ya redio na televisheni za umma. Euro 18.36 kwa mwezi, kila nyumba inalipa, uwe na televisheni usiwe nayo. Sina televisheni. Wao jina langu lililingana nao mara moja, majina yote matatu.

Pesa ziliachiwa baadaye sana, bila maelezo wala samahani. Asubuhi moja zimo tu.

Sasa niwe mkweli, maana mtu akisoma hapa ataghairi safari na mimi sitaki hilo. Masomo yenyewe ni mazuri mno. Chuo changu ni cha serikali na hakinitozi ada ya masomo, nalipa mchango wa muhula tu, na humo humo nauli ya treni na mabasi imeingia. Profesa wangu hujibu barua pepe siku hiyo hiyo. Kuna siku nimetoka maabara usiku nikasema hii ni bahati, ningeanza upya ningekuja hapa hapa. Pengine nyota tatu basi, kwa safari nzima. Nne ukimhesabu yule mzee.

Lakini hapana. Safari haikuwa yao. Wao walikuwa na kazi moja, kunipa changu, na wakaninyima nilipokuwa na shida nacho. Irudi moja.

Na juzi wameniandikia! Kibali changu cha kuishi kinakaribia kuisha, wananikaribisha nifungue tena akaunti kwao, safari hii kwa punguzo. Nimecheka peke yangu. Siku hizi nina kazi ya usaidizi kwenye taasisi yetu, kazi ya chuo ambayo haihesabiwi kwenye zile siku 140 ambazo mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka, na mkataba huo unaweza kusimama badala ya akaunti yao. Nikaifuta ile barua pepe. Kisha nikaitoa kwenye takataka nikairudisha, maana mkataba wangu ni wa muda mfupi, na ofisi ya uhamiaji ukiikosesha karatasi haitaki kusikia hadithi.