Darasa la jioni Ngamiani: somo la "refugee"

Darasa hili la Kiingereza la hapa Tanga linamfaa zaidi mtafsiri wa nyaraka kuliko anayetaka maongezi ya haraka. Somo la "refugee", yaani mkimbizi, ndilo bora. Linaanzia kwenye Kilatini, "fugere", yaani kukimbia, kisha Kifaransa "réfugié", hadi 1685 mfalme wa Ufaransa Louis XIV alipofuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, nao wakakimbilia Uingereza na neno lao. Ukifika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, sikiliza vizuri: mkimbizi yuko nje ya nchi yake, anahofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mtafsiri mzembe huandika "fugitive", ambaye ni mtoro anayesakwa na sheria, na mwomba hifadhi anageuka mhalifu.

Matamshi nayo yamefundishwa sawasawa. Mkazo wa "refuge" uko mwanzoni, wa "refugee" mwishoni. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho huteleza hapo.

Kasoro kubwa: Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, unaowaongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko, haugusiwi kabisa. Kwa Tanzania, pengo hilo halivumiliki. Fotokopi zao pia hazisomeki, beba daftari.