Albamu ya Stempu za Koloni Inayouzwa Tanga: Ununue, Lakini Usome Mihuri Kwanza

Albamu ninayoitathmini hapa inauzwa kwa shilingi 60,000 katika duka dogo la vitu vya kale katikati ya mji wa Tanga, na ndani yake mna stempu za posta zilizotumika katika nchi hii tangu utawala wa Wajerumani hadi miaka ya mwisho kabla ya Uhuru. Muuzaji ni mzee mwenye subira aliyezikusanya kidogo kidogo kutoka katika nyaraka za familia za wafanyabiashara, na huzipanga mwenyewe kwenye kurasa za karatasi ngumu zilizofunikwa kwa nailoni, kisha akaandika maelezo mafupi kwa mkono chini ya kila safu. Kwa sababu hiyo albamu mbili hazilingani, na mnunuzi anapaswa kuifungua ile atakayoichukua na kuikagua ukurasa kwa ukurasa. Nimeridhika na niliyoinunua. Hata hivyo, stempu zenyewe zimenifunza mengi kuliko maelezo yaliyo chini yake, na jambo hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa linahusu namna tunavyoitazama historia ya posta katika mwambao wetu.

Ukurasa wa kwanza unaanza na stempu za Ujerumani zilizochapwa juu yake thamani ya pesa, yaani sarafu ndogo iliyotumika hapa wakati huo, zilizotolewa mwaka 1893. Maelezo yanataja kwa usahihi kwamba ofisi za posta za Kijerumani za Bagamoyo na Dar es Salaam zilifunguliwa Oktoba 1890, na kwamba kwa miaka michache ya mwanzo zilitumika stempu zilezile za Ujerumani bila alama yoyote ya koloni, hata ikawa mhuri peke yake ndio unaoonyesha kwamba barua ilitoka huku. Mzee ameeleza pia kwamba rupia moja ilikuwa na pesa 64. Ambalo hakulieleza ni sababu ya stempu hizo kubadilishwa: mtu aliyefika dirishani Bagamoyo mkononi alikuwa na rupia na pesa, ilhali stempu aliyouziwa iliandikwa fenigi, sehemu ya mia ya mark ya Kijerumani, na kila malipo yalihitaji hesabu ya kubadilisha fedha. Kuchapa "5 PESA" juu ya stempu ya fenigi 10 kulimwondolea karani na mteja wake usumbufu huo. Jina la koloni liliongezwa mwaka 1896 tu, na toleo hilo limo pia, ingawa stempu yake moja ina pembe iliyochanika.

Kuanzia hapo albamu inakuwa nzuri kweli. Kurasa zinazofuata zimejaa stempu zenye picha ya yoti ya Kaizari, Hohenzollern, zilizoanza kutumika mwaka 1901. Picha hiyo moja ilitumika katika makoloni yote ya Ujerumani, likibadilishwa jina na thamani tu. Mzee amezipanga kwa uzuri wa rangi, na mgeni atakayezitazama atadhani rangi hizo zilichaguliwa ili kupendeza. Ukweli ni kwamba rangi ilikuwa sehemu ya kanuni. Mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Washington mwaka 1897 ulikubaliana juu ya kijani, nyekundu na buluu kwa viwango vikuu vya ada za kimataifa, na stempu za koloni letu zikafuata mpangilio huo: kijani ya pesa 3 ilitosha kadi ya posta, nyekundu ya pesa 5 ilitosha barua ya kawaida isiyozidi gramu 20, na buluu ya pesa 10 ilikuwa ya barua ya kwenda nchi za nje. Karani aliyekuwa akipanga mamia ya bahasha kabla ya meli kuondoka aliweza kujua kwa kutupa jicho tu kama bahasha imelipiwa ipasavyo, hata kama anwani imeandikwa kwa herufi asizozizoea. Na katika mji ambao watu wengi waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, huo haukuwa msaada mdogo.

Ada hizo zilikuwa na jambo lingine ambalo ningependa kila mnunuzi wa albamu hii aelezwe. Tangu Mei 1899 barua iliyotumwa kati ya koloni na Ujerumani ilitozwa ada ya ndani, yaani kama vile imetoka mji mmoja wa Ujerumani kwenda mwingine. Kabla ya hapo ililipiwa fenigi 20 kama barua ya nje. Baada ya hapo ikalipiwa fenigi 10, ambazo hapa kwetu zilikuwa pesa 5. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa Kihindi wa Tanga aliyemwandikia ndugu yake Bombay alinunua stempu ya buluu ya pesa 10, na jirani yake Mjerumani aliyeandika Hamburg alinunua nyekundu ya pesa 5. Bombay ilikuwa karibu zaidi, na biashara ya mwambao na Bara Hindi ilikuwa na umri wa karne nyingi kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa hapa. Kanuni ya posta ilikata bei kufuata utawala, na kwa hiyo ilimfanya mtu wa Tanga awe jirani wa Hamburg na mgeni wa Bombay. Hakuna amri ya gavana inayoonyesha maana ya ukoloni waziwazi kama stempu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega, na katika albamu yangu zilikuwa bega kwa bega, zimeandikwa chini yake "yoti, rangi mbili".

Nataja gavana kwa makusudi. Posta ya koloni haikuwa chini yake. Ilisimamiwa na Posta ya Dola kutoka Berlin, na hata meli zilizobeba mifuko ya barua ziliendeshwa kwa ruzuku iliyopitishwa huko: Kampuni ya Meli ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza safari zake mwaka 1890 kwa ahadi ya mark 900,000 kila mwaka. Huduma hiyo iliwekewa kanuni na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona pwani hii, na bado nidhamu yake ilikuwa kubwa. Ninaisifu nidhamu hiyo bila kusahau iliwekwa kwa manufaa ya nani.

Mwaka 1905 sarafu ilibadilishwa, rupia ikawa na hela 100, na stempu zikatolewa upya. Nyekundu ikawa hela 7½, buluu ikawa hela 15, kijani ikawa hela 4. Nusu ile inawashangaza watazamaji wengi, lakini ni hesabu ya kawaida tu, kwani rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20, na kwa hiyo hela 7½ ni fenigi 10 kamili. Katika ukurasa huu ndimo nilimokuta kitu kilicho bora kuliko vyote, kipande cha bahasha chenye stempu ya hela 15 na ya hela 7½ zikiwa pamoja chini ya mhuri wa Tanga ulio wazi. Jumla yake ni hela 22½, nayo ndiyo hasa ada ya barua ya ndani pamoja na ada ya rejesta. Kuna mtu mjini hapa aliyekuwa na jambo zito la kupeleka, hati au fedha au habari ya kesi, akakubali kulipa mara tatu ya ada ya kawaida ili barua yake iandikwe katika daftari na kusainiwa ilikofika. Maelezo ya mzee yanasema, "Stempu mbili nzuri zenye mhuri." Nilimweleza maana yake, naye alinisikiliza kwa hamu kubwa, na ninatumaini albamu zitakazofuata zitaandikwa vingine.

Mihuri ndiyo utajiri wa albamu hii, hasa kwa msomaji wa Mkoa wa Tanga. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, na kadiri ilivyosonga, mifuko ya barua iliondolewa mabegani mwa matarishi ikapandishwa garini. Mihuri ya Muheza, ambayo Wajerumani waliiandika Muhesa, ya Korogwe, ya Mombo na ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ipo yote katika nakala yangu, ingawa imetawanywa katika kurasa tofauti kwa kuwa mzee amepanga kwa thamani ya stempu. Ningezipanga kwa vituo. Mtu angefungua ukurasa mmoja na kuisafiri reli nzima.

Kuhusu matarishi wenyewe, albamu haina hata mstari mmoja. Nalitaja hili kama upungufu mkubwa kuliko wote. Barua iliyolipiwa hela 7½ ilikuwa na haki ya kufika popote penye posta ndani ya koloni, hata Tabora, na kabla reli ya kati haijafika huko mwaka 1912 haki hiyo ilitimizwa na miguu ya watu walioipita njia ileile ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Jina la tarishi halikuandikwa kwenye bahasha wala kwenye mhuri, na ndiyo maana kila anayeandika maelezo ya stempu hizi anao wajibu wa kumtaja. Vivyo hivyo ningetarajia neno moja juu ya stempu ya kahawia ya hela 2½ iliyotosha kutuma chapisho lisilozibwa, kwa kuwa Tanga ulikuwa mji wa magazeti: shule ya serikali ya hapa ndiyo iliyotoa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, na gazeti lisingepata wasomaji wa mbali bila ada nafuu ya machapisho.

Sasa tahadhari. Ukurasa wa vita una stempu ya Vuga. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, bahari ilipofungwa na manowari za Waingereza, stempu ziliadimika hata makarani wakawa wanapokea fedha taslimu na kugonga mhuri wa kuthibitisha kwamba barua imelipiwa. Mwaka 1916 kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, kule milimani Usambara, kilichapa stempu za dharura za hela 2½, hela 7½ na rupia 1. Mwaka huohuo meli iliyopenya kizuizi ilileta stempu mpya kutoka Ujerumani, zile za Vuga zikakosa kazi, zikazikwa ardhini zisije zikatekwa, na zikachimbuliwa baada ya vita na kuuzwa Ujerumani. Stempu halisi ya toleo hilo haiwezi kupatikana kwa bei ya albamu hii. Iliyomo ni nakala, na neno "nakala" limeandikwa nyuma yake kwa penseli hafifu, mahali ambapo mnunuzi hatapaona mpaka aitoe kwenye nailoni. Sidhani kwamba mzee alikusudia kudanganya, kwani nilipomuuliza alijibu papo hapo kwamba ni nakala. Lakini tamko hilo linapaswa kuwekwa mbele, kwa wino.

Tahadhari ya pili ni ya stempu za yoti ambazo hazijatumika. Berlin iliendelea kuchapa na kuuza stempu za makoloni kwa wakusanyaji hata baada ya vita kukata mawasiliano, na baadhi ya hizo hazikuwahi kuuzwa katika dirisha lolote la posta ya huku. Stempu iliyo safi kabisa inavutia macho, lakini anayetafuta historia ya Tanga achague iliyogongwa mhuri, hata ikiwa imechakaa.

Kurasa za Waingereza nimezipitia upesi, kwa kuwa zimeandikwa vizuri na hazina la kubishania. Zimo stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizochapwa "G.E.A." (kifupi cha German East Africa) kuanzia mwaka 1917, twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922, na zile za miaka ya 1930 zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, zilizofuata kuunganishwa kwa huduma za posta za nchi hizo tatu mwaka 1933. Maelezo yanakumbusha kwamba muungano huo ulikuwa wa watawala, na kwamba ulidumu katika sura nyingine hata baada ya Uhuru mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Sentensi hiyo ni nzuri kuliko zote zilizomo, na inaonyesha kwamba mzee akipewa moyo anaweza kuandika maelezo ya maana kwa kurasa zake zote.

Karatasi iliyotumika ni imara, lakini nailoni yake ni ya aina inayonata wakati wa joto, na kwa hali ya hewa ya pwani mnunuzi afanye haraka kuhamishia stempu katika mifuko ya karatasi isiyo na asidi. Gundi haikutumika, na kwa hilo mzee anastahili pongezi.

Ninawashauri walimu wa historia wa shule za Tanga na Bagamoyo wainunue, maana kwa vipande vichache vya karatasi wataweza kufundisha fedha, usafiri na utawala kwa somo moja. Mkusanyaji mzoefu anayetafuta stempu adimu hatazipata humu. Anayekwenda dukani aende asubuhi, wakati mwanga unaingia mlangoni, aombe kuonyeshwa pia sanduku la vipande vya bahasha ambavyo mzee bado hajavipanga, na asome tarehe na jina la mahali katika kila mhuri kabla ya kutoa fedha.