Commodore 64 kwa ajili ya gemu moja tu: uzoefu wangu na The Hitchhiker's Guide to the Galaxy

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, niliinunua kwa ajili ya gemu moja. Hapa kwangu Coventry tayari kuna konsoli za gemu, Mega Drive na Super Nintendo, zote mbili bado zinapiga kazi, lakini hakuna hata moja inayoweza kucheza The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya mwaka 1984. Gemu lile halina picha, halina muziki, halina cha kufyatua. Ni maandishi matupu, nawe unajibu kwa kuandika. Bila kibodi huendi popote, ndiyo maana lilitoka kwa ajili ya kompyuta za nyumbani za enzi zile, kama Apple II, Atari na hii Commodore, konsoli zikaachwa kando.

Kwa ambao kisa hakijawafikia: Mwingereza mmoja, Arthur Dent, anaamka na kukuta tingatinga limekuja kubomoa nyumba yake kupisha barabara. Kabla ubishi haujaisha, Dunia nzima inabomolewa na Wavogoni, viumbe wa sayari nyingine, kupisha barabara ya anga za juu. Rafiki yake Ford anamwokoa, na tangu hapo Arthur anatangatanga ulimwenguni na joho lake la nyumbani na taulo. Douglas Adams aliandika haya kwanza kama mchezo wa redio, ukaanza kurushwa na BBC Radio 4 Machi 1978. Kitabu kikafuata mwaka 1979, runinga 1981, gemu 1984, na filamu 2005, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki miaka minne nyuma. Nimezisikiliza, nimezisoma na kuzitazama zote. Kwangu mimi gemu ndilo linaloongoza, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza mashine.

Nililipa takriban pauni 180 kwa mashine na diski draiva ya 1541, vyote mitumba. Ukinunua, usichomeke adapta yake ya zamani kwa kuwa tu imekuja ndani ya boksi. Wenye mashine hizi wanajua kwamba adapta hizo zikizeeka, volti zinazotakiwa kuwa 5 hupanda, na chipu za kumbukumbu zinaungua. Tafuta adapta mpya; siku hizi wapo wanaozitengeneza. Na kama una TV ya kichogo, usiitupe. Kwenye runinga bapa yangu herufi zilionekana kama zimelowa maji, lakini kwenye ya kichogo zilisomeka vizuri kabisa. Ukiwasha unakutana na kioo cha bluu na taarifa kwamba una baiti 38911 za kutumia, kisha mashine inakusubiri wewe. Hakuna menyu. Unaandika amri ya kupakia gemu, halafu unakwenda kuchemsha chai.

1541 ni nzito, inapata joto, na ni pole kupita kiasi. Kibaya zaidi, hadithi nzima haienei kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, kwa hiyo mashine inarudi kuchota vipande kwenye diski wakati unacheza. Unaandika, unabonyeza RETURN, draiva inakoroma, taa nyekundu inawaka, kioo kimetulia. Baada ya kitambo jibu linashuka, na jibu lenyewe ni kejeli. Mtu mwingine atauita huu usumbufu. Mimi naona ndipo utamu ulipo, maana kile kimya kabla ya jibu kinafanya kazi ileile anayoifanya mchekeshaji mzuri anaponyamaza kidogo kabla ya kumalizia. Nimelicheza gemu hilihili kwenye simu. Jibu linatoka papo hapo, na utani unakupita hata hujajiandaa kucheka.

Shemeji yangu alipokuja kutusalimia, alilitazama kwa huruma.

"Shemeji, hela yote hiyo umenunua maandishi?"

"Kaa uandike, shemeji."

Akaandika "fungua mlango". Draiva ikakoroma, kisha mashine ikamjibu kwamba neno "fungua" hailijui. Akacheka, akahamia Kiingereza. Gemu linaanza gizani, kichwa kinagonga kwa pombe za jana, na ni lazima uwashe taa, uvae joho, utafute kidonge mfukoni. Yeye bado anapapasa chumbani, tingatinga likamwangushia nyumba. Akafa. Akaanza upya bila kuambiwa, na chakula cha usiku tulikula bila yeye.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwenye redio na filamu unamcheka Arthur, maskini wa Mungu, jinsi dunia inavyomwonea. Kwenye gemu anayeonewa ni wewe. Adams alilitunga pamoja na Steve Meretzky wa kampuni ya Infocom ya Massachusetts, na hawa wawili hawakuwa na huruma. Kuna mahali gemu linakudanganya waziwazi kuhusu unachokiona, mpaka ung'ang'anie ndipo likiri. Kwenye orodha ya vitu ulivyobeba utakuta umebeba "kutokuwa na chai", na baadaye utatakiwa uwe na chai na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja.

Kisa cha samaki wa Babeli, yule wa kutia sikioni ili uelewe lugha zote, kinajulikana kwa wote waliowahi kulicheza. Unabonyeza kitufe cha mashine, samaki anaruka na kupotelea kwenye tundu la ukuta. Unatundika joho kuziba tundu. Sasa samaki anateleza na kuingia kwenye mfereji sakafuni. Unafunika mfereji kwa taulo. Roboti la usafi linatoka kwenye kijimlango na kumzoa. Unaweka begi mbele ya kijimlango. Linatokea roboti jingine linaloruka na kumdaka hewani. Dawa yake ni kuweka rundo la barua za matangazo juu ya begi, ili hilo la pili lishughulike na makaratasi. Barua hizo zilikuwa mlangoni kwa Arthur, Dunia ikiwa bado ipo. Kama hukuziokota, basi tena. Na samaki mashineni wana idadi, wakiisha wameisha. Infocom waliuza hata fulana za kujisifu kwamba aliyeivaa amempata samaki huyo. Nakushauri uhifadhi mchezo mara kwa mara, kwenye diski tofauti, na mbwa utakayemkuta njiani mpe sandwichi ya jibini bila kuuliza sababu.

Nyinginezo kwa ufupi. Redio ni ya pili kwangu, hasa kwa sauti ya Peter Jones anayekisoma kile kitabu cha mwongozo wa wasafiri wa anga kilichomo ndani ya hadithi. Runinga ya 1981 ina kichwa cha pili cha Zaphod, mhusika mwenye vichwa viwili, kinacholegea kama kinasinzia, lakini michoro yake ya "kompyuta" ni maajabu: kompyuta haikuhusika hata kidogo, timu ya Rod Lord iliichora kwa mkono na kuipitishia mwanga kwa nyuma. Filamu ina hela na ina sauti ya Alan Rickman kwa roboti Marvin, ambayo haina mpinzani, ila ililazimisha mapenzi mahali ambapo pangetosha utani. Wapenzi wa zamani waitazame vizuri foleni kwenye sayari ya Wavogoni, Marvin wa runinga amesimama humo.

Je, ununue? Kama unataka gemu tu, hapana. BBC waliliweka mtandaoni bure mwaka 2004 wakaongeza picha, kisha wakalitengeneza upya mwaka 2014. Mashine inunue kama una nafasi, una subira, na nyumbani hawatalalamika kuhusu mkoromo. Nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya draiva ileile niliyoisifu, maana inapohifadhi mchezo usiku wa manane hata mimi huichoka.

Ukitaka na boksi la asili, jiandae kulipa zaidi. Ndani yake walitia miwani ya kadibodi nyeusi isiyoonyesha chochote, ya kuvaa hatari ikikaribia, na kifuko cha plastiki kinachodaiwa kubeba kundi la meli za kivita zisizoonekana kwa macho. Nimekutana na muuzaji aliyepandisha bei kwa sababu kifuko chake hakijawahi kufunguliwa.